Shajara ya mradi: dari la mawe la King's College, Cambridge, kwa jasi, kipimo 1:25

Kazi inafanyika katika karakana ya useremala na jasi iliyopo Nyakato, Mwanza. Kinachojengwa ni kielelezo cha sehemu 3 kati ya 12 za kanisa la King's College, chuo kilichoanzishwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1441. Kikikamilika kitawekwa darasani kwa vijana wanaojifunza uashi na upigaji wa dari. Vipimo vyote vimo humu kwa atakayetaka kunakili, na bei ni za Mwanza za mwaka 2025.

Neno "chuo" lisimchanganye msomaji. King's ni kimoja kati ya vyuo 31 vya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kina mabweni yake, bwalo lake, maktaba yake na kanisa lake, na kinajitawala. Hakifanani na chuo kishiriki kama Mkwawa cha Iringa, ambacho kimezaliwa na chuo kikuu mama.

Kanisa hili limechaguliwa kwa ajili ya dari. Mafundi wa jipsamu wa Mwanza ni hodari, ila dari wanalolijua huning'inia: kuna kenchi juu, kuna mbao, kuna waya, na jasi imeshikwa. Dari la King's halikushikwa na kitu chochote kutoka juu. Ni mawe ya tani 1,875, yapo mita 24 kutoka sakafuni, na yanakaa kwa sababu kila jiwe linamsukuma mwenzake hadi msukumo ufike ukutani na kushuka ardhini. Kijana akiliona hilo kwa macho yake, uashi wa matao hautamtisha tena.

14 Juni 2025. Kipimo na sehemu zilizochaguliwa

Kanisa lina urefu wa futi 289, yaani mita 88. Upana wa ndani ni futi 40, mita 12.2, na kimo cha ndani ni futi 80, mita 24.4. Urefu wote umegawanywa mara 12, kila sehemu ikiwa ni nafasi kati ya nguzo na nguzo, kama mita 7.34. Kwa kipimo cha 1:50 kanisa zima lingetoka na urefu wa mita 1.76, lakini dari lingekuwa na unene wa milimita 1 hadi 3. Jasi ya unene huo haibebeki hata kwa mkono. Tumekwenda 1:25 na kuacha sehemu 9.

Vipimo vya kufanyia kazi: kila sehemu sm 29.4, upana wa ndani sm 48.8, kimo cha ndani sm 97.6. Sehemu 3 zinatoa urefu wa sm 88.

Zipi 3? Historia ndiyo imeamua. Mfalme Henry VI alianzisha chuo akiwa na miaka 19, na jiwe la msingi la kanisa liliwekwa 25 Julai 1446. Ujenzi ulianzia mashariki. Mwaka 1461 akang'olewa madarakani katika vita vya koo mbili za kifalme, na kazi ikawa ya kusuasua kwa miaka mingi. Hadi 1485, Richard III alipouawa vitani, sehemu 6 za mashariki zilikuwa zimefika kimo kamili, na 5 kati ya hizo zimeezekwa kwa mwaloni na risasi. Kazi ilirudi kwa nguvu mwaka 1508 chini ya Henry VII. Kwa hiyo tumechukua sehemu ya 5, ya 6 na ya 7 kuhesabu kutoka mashariki: ya kwanza mwaka 1485 ilikuwa imeezekwa, ya pili ina ukuta mzima bila paa, ya tatu haijamalizika. Mstari wa 1485 unapita katikati ya kielelezo chetu.

28 Juni. Kuta

Hapa hakuna jipya. Kuta mbili za sm 88 kwa 98 zimetoka kwenye marine board moja ya mm 18. Tundu la dirisha likakatwa kwa msumeno wa jigsoo, na sakafu ni mlango chakavu uliorandwa. Kuta zimefungwa chini kwa skrubu na vipande vya pembe. Juu, kwenye kimo cha sm 79, kila mstari wa nguzo umewekewa kikalio cha mbao ngumu cha sm 3 ambapo pepeo la jasi, yaani kipande cha dari kilicho chembamba chini na kipana juu, litakaa.

Maegemeo ya nje, zile nguzo nene zinazochomoza kutoka ukutani, tumeyaacha yaje mwisho pamoja na mapambo. Uamuzi huo ulikuwa na makosa makubwa. Maelezo yako kwenye tarehe 13 Septemba.

12 Julai. Kinyago cha kwanza, kimeshindikana

Kwanza umbo lenyewe. Kila pepeo la dari ni kama mdomo wa tarumbeta uliopasuliwa katikati na kuegemezwa ukutani, mwembamba chini, mpana juu. Uzuri wake kwa fundi ni kwamba ni umbo la kuzungusha: chukua mkunjo mmoja, uzungushe kwenye mhimili uliosimama wima, umepata uso wote. Fundi yeyote aliyewahi kukokota konisi, ule mkanda wa pambo la pembeni mwa dari, kwa kibao cha bati ataelewa mara moja, tofauti ni kwamba hapa kibao hakiendi mbele, kinazunguka.

Mkunjo wetu una vipande viwili vya duara. Cha chini kina nusukipenyo ya sm 16, kinaanza wima kabisa ukutani na kwenda nyuzi 58. Hapo kinapokewa na cha juu chenye nusukipenyo ya sm 32, ambacho kinalala taratibu hadi kuwa bapa katikati ya kanisa. Kutoka kikalio hadi kilele ni sm 18.4, na kutoka mhimili hadi ukingo ni sm 24.4. Chora vyote viwili kwenye karatasi kabla ya kukata bati: mahali vinapokutana pasiwe na kona. Ukiona kona, kitovu cha duara kubwa hakiko kwenye mstari mmoja na kitovu cha duara dogo na mahali vinapokutana.

Kinyago, yaani umbo la mfano ambalo kalibu itafinyangwa juu yake, kinatengenezwa kimepinduliwa, mdomo mpana ukiwa chini kwenye benchi. Jaribio la kwanza lilikuwa la udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa ni rahisi na unasahihishika. Ulikokoteka vizuri sana siku ya kwanza. Siku ya tatu ulikuwa umesinyaa na kupasuka kutoka ukingoni kwenda juu, nyufa 7, kubwa yake mm 4. Udongo mnene kiasi hiki hukauka nje kwanza. Ndani bado umejaa maji na nje umeshajikunja, lazima upasuke. Ukitaka kutumia udongo, uukokote na umwagie kalibu siku hiyohiyo.

Jaribio la pili lilikuwa la jasi juu ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa ngazi ngazi kupunguza ujazo. Likaharibika kwa sababu mbili zilizokuja pamoja. Ya kwanza, mhimili, bomba la chuma la nusu inchi, ulikuwa umeshikwa chini tu, na kibao kilipokutana na jasi nzito ulicheza mm 3 juu. Uso ukatoka na mawimbi. Ya pili, jasi inapoganda huvimba kidogo. Ni chini ya nusu ya asilimia moja, lakini inatosha kukikaba kibao na kukifanya kikwaruze badala ya kulainisha. Mfuko mzima ukaenda.

Gharama hadi sasa: marine board 78,000, mlango chakavu 15,000, udongo na kuusafirisha 15,000, bati la geji 28, bomba na bolti 16,000, jasi mfuko mmoja wa kilo 20 kwa 22,000.

26 Julai. Kinyago cha pili, na kalibu

Marekebisho ya kinyago yalikuwa madogo na yametosha. Bomba limeshikwa juu pia, kwa ubao uliovuka benchi kama daraja. Kibao cha bati kimeungwa nyuma na ubao wa mm 12, na ncha ya bati imetangulia ubao kwa mm 3 tu. Kisha ukingo wa bati ukavalishwa utepe wa mbao laini wa mm 4. Kwa kibao hicho kilichonenepeshwa unakokota tabaka za mwanzo, jasi inavimba inavyotaka, unaiacha saa moja. Ndipo unavua utepe na kukokota tabaka la mwisho la mm 4, jasi ikiwa laini kama uji wa kunywa. Tabaka jembamba halina nguvu ya kukaba bati. Limetoka likiwa laini kiasi kwamba msasa namba 240 ulipita mara moja tu.

Si lazima kukokota duara zima. Robo moja inatosha, kwa hesabu hii: kila sehemu ya dari ina robo 4 za pepeo, mbili kila ukuta, na zote zina umbo moja. Sehemu 3 zinahitaji robo 12. Tulikokota nusu ili kingo za robo zisiwe na kasoro, kisha tukachukua robo ya katikati.

Kuna jambo la kuangalia kwenye mpangilio. Nguzo zimeachana sm 29.4 tu, lakini pepeo lina nusukipenyo ya sm 24.4. Mapepeo mawili jirani yangepandana. Kwa hiyo kila robo hukatwa wima kwenye umbali wa sm 14.7 kutoka mhimili, mahali inapokutana na jirani yake. Kwa upande wa kwenda katikati ya kanisa haikatwi, inafika sm 24.4 na kugusana na ile ya ukuta wa pili. Robo 6 hukatwa kulia na 6 kushoto. Kalibu ni moja, msumeno ndio unaoamua. Kinachobaki wazi katikati ya kila sehemu ni umbo la almasi lenye mbavu zilizoingia ndani, urefu sm 29.4 na upana karibu sm 10. Hapo huingia bamba la kati. Kumbuka bamba hili.

Mbavu za mapambo tulizibandika juu ya kinyago. Kwanza kwa kamba ya nailoni, nalo lilikuwa kosa: kamba ni duara, chini yake kuna upenyo, kalibu inaingia humo na haitoki. Tukabandua zote na kukata vipande vya sponji ngumu ya soli, ya mm 3, kwa wembe ulioinamishwa ili kila ubavu uwe mpana chini na mwembamba juu. Shilingi 4,000 kwa kipande kilichobaki kingi.

Kalibu ni ya silikoni ya madirisha ya alumini, ile yenye harufu ya siki. Tyubu ya kwanza tuliipaka moja kwa moja na mwiko, unene wa mm 6. Baada ya siku 4 juu ilikuwa ngozi, ndani bado ni mbichi kama samli. Silikoni hii huganda kwa unyevu wa hewa, na unyevu ukizibwa na ngozi ya juu haufiki chini. Njia iliyofaa: beseni la maji lita 5, sabuni ya maji ya vyombo ml 300, kamua silikoni ndani ya maji na uikande kwa glavu kama unga wa chapati dakika 3 au 4, kisha uibandike kwenye kinyago kwa vidole vilivyolowa sabuni. Una dakika 10 hivi kabla haijakataa kushikana. Tyubu 4, shilingi 7,000 kila moja, na ile ya kwanza iliyotupwa ni ya tano. Fanyeni nje, moshi wake unachoma macho. Juu yake likamwagwa koti la jasi na katani ili mpira usijikunje.

16 Agosti. Robo 12

Kipimo kwa robo moja: maji gramu 280, jasi gramu 400. Nyunyizia jasi juu ya maji, usimwage maji juu ya jasi. Iache inywe dakika 2, ndipo ukoroge polepole. Katani ya nyuzi fupi za sm 3, konzi moja, iingie baada ya tabaka la kwanza la mm 2, la sivyo nyuzi zitaonekana usoni.

Hapo ndipo kazi ilikuwa ya kurudiarudia na haina haja ya maelezo. Yaliyoharibika ndiyo yenye faida:

Robo ya 3 na ya 4 ziliganda ndani ya dakika 4, kabla ya kusambazwa. Bakuli halikuoshwa vizuri. Chembe za jasi iliyokwishaganda huiharakisha jasi mpya kuganda. Bakuli la plastiki laini linalopindika ndilo la kutumia, ukilibinya mabaki yote yanaruka.

Robo ya 6 ilikataa kuganda kabisa. Tulitia maji ya ndimu kuchelewesha, kijiko kizima cha chai. Ndimu huchelewesha kweli, lakini nusu ya kijiko cha chai kwa gramu 400 ndiyo mwisho. Ukizidisha, jasi inabaki ya chaki, unaikwangua kwa kucha.

Robo ya 9 ilipinda wakati wa kukauka kwa kuwa ilianikwa juani upande mmoja. Zikaushwe kivulini, zimesimama, upepo upite pande zote. Mwezi wa nane Mwanza ni mkavu, siku 7 zinatosha. Tulikuwa tukizipima kila asubuhi: gramu 680 zikitoka kwenye kalibu, zinashuka hadi karibu 475 na kukoma. Uzito ukikoma siku mbili mfululizo, robo imekauka. Kabla ya hapo usiikate, msumeno utaitafuna.

Unene wetu ni mm 6 hadi 7. Kwa kipimo cha 1:25 hiyo ni kama sm 15 hadi 17 za jengo halisi. John Wastell, mwashi mkuu aliyejenga dari lenyewe kati ya 1512 na 1515, alikuwa na mahali ambapo jiwe lake halizidi sm 5. Mkataba wake ulimlipa pauni 100 kwa kila sehemu, sehemu 12, ndani ya miaka 3, na akamaliza.

Gharama za awamu hii: jasi mifuko 2 zaidi, 44,000, katani 6,000, fundi wa jipsamu siku 2 kwa 30,000 kila siku, yaani 60,000. Huyo fundi alilipwa kwa haki, bila mkono wake zile robo zingekuwa 20 zilizovunjika.

30 Agosti. Kuning'iniza, na kwa nini tumeacha

Pendekezo la kwanza la kupandisha lilitokana na mazoea ya dari: boriti juu, waya, na vidonge vya jasi na katani nyuma ya kila robo. Zilipanda zote ndani ya siku moja. Lakini viungo vilikaa wazi mm 2 hadi 3, tukaziba kwa jasi laini, na kila mlango wa karakana ulipobamizwa palitokea ufa mpya. Kiungo hakikuwa na kitu cha kukibana. Kila robo ilikuwa inaning'inia kivyake.

Zaidi ya hayo, kielelezo cha namna hiyo kingewadanganya vijana. Wangeondoka wakidhani Wastell alikuwa na waya. Tumeteremsha zote na kusafisha kingo.

13 Septemba. Dari limeanguka

Utaratibu mpya: robo zikae kwenye vikalio, zishikiliwe na mirunda midogo kutoka chini, bamba la kati liingie, kisha mirunda ishushwe. Hakuna gundi. Viungo vikavu, vimesuguliwa kwa msasa juu ya kioo hadi mwanga usipite.

Robo ya pepeo peke yake haiwezi kusimama. Uzito wake mwingi uko mbele ya kikalio, itainama kuelekea katikati ya kanisa. Mbili zinazotazamana zikigusana vileleni zinazuiana. Bamba la kati hujaza pengo na kuzibana zote 4 kwa pamoja, kwa uzito wake. Ndiyo maana King's katikati ya kila sehemu kuna jiwe zito la karibu tani nzima, lililochongwa waridi la ukoo wa Tudor kwenye sehemu moja na lango la kushuka la ngome kwenye inayofuata, kwa kupokezana. Macho huona pambo. Bila kukandamizwa pale kati, sehemu za juu za mapepeo zingetafuta pa kwenda.

Mirunda iliwekewa kabari chini. Tulishusha mm 1 kila mzunguko, kabari zote 18, tukianzia katikati. Mzunguko wa 3 dari lilikuwa limebeba uzito wake lenyewe, na kwa dakika kama 20 lilisimama. Kisha bamba la sehemu ya kati likashuka mm 5, likapinda upande na kuanguka, likifuatwa na robo 2. Nyingine zilidakwa na mirunda.

Tulipima mara moja. Vichwa vya kuta vilikuwa vimeachana mm 6 zaidi ya vilivyokuwa asubuhi. Dari halikuvunjika, kuta zilikimbia. Upana ukiongezeka mm 6, kilele lazima kishuke kati ya mm 4 na 5, kwa kuwa robo hazirefuki. Bamba lilikuwa na mwegamo wa mm 3 tu pande zote.

Baadaye tulipima msukumo wenyewe kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye kichwa cha nguzo: karibu gramu 400 kwa kila nguzo ya kati. Ni kidogo, lakini upo kwenye kimo cha sm 79, na ukuta wetu una unene wa sm 1.8. Kilichokuwa kinauzuia ni skrubu za chini peke yake, na ubao ukapinda.

Kosa la ndani zaidi ni la uzito. Uimara wa jengo la mawe hutegemea maumbo na uwiano wa uzito, si ukubwa. Kielelezo sahihi cha jiwe, hata kikiwa kidogo mara 25, kinasimama kama jengo lenyewe linavyosimama. Sisi tulikuwa na dari la jasi juu ya kuta za mbao, na mbao hizo ni nyepesi kuliko jasi, karibu nusu yake kwa ujazo uleule. Dari zito juu ya ukuta mwepesi, tena bila maegemeo. King's lina maegemeo 11 kila upande, 22 kwa jumla, pamoja na minara 4 ya pembeni, na hayakuwekwa kwa urembo. Yamechomoza sana hivi kwamba nafasi kati yake zimegeuzwa kuwa vyumba vidogo vya ibada. Kwa sababu maegemeo yanabeba msukumo wote, ukuta kati yao hauna kazi nzito, na ndiyo ukaweza kuwa karibu kioo kitupu.

27 Septemba. Maegemeo ya mchanga

Maegemeo 8, moja kila mstari wa nguzo kila upande. Ni masanduku ya plywood ya mm 9, upana wa nje sm 4, kina sm 16, kimo sm 88. Yamefungwa ukutani kwa skrubu kila sm 15 na kwenye sakafu kwa pembe za chuma. Ndani umejazwa mchanga mkavu uliochekechwa, kilo 4.2 kila moja. Mchanga wa ziwani tulioupata ulikuwa na unyevu. Ukiujaza hivyo plywood itavimba kufikia Krismasi. Ukaangwe kwanza kwenye bati hadi uache kutoa mvuke. Jaza kidogo kidogo huku ukigonga ubavuni kwa nyundo ya mpira, la sivyo utashuka baadaye na kuacha juu patupu.

Vinara vya juu ya maegemeo, vile vyenye ncha, navyo vina kazi: uzito wake unaugeuza msukumo wa pembeni uelekee chini. Vyetu ni vya jasi, gramu 150 kila kimoja, vimekaa juu ya tundu la kujazia mchanga kama kizibo.

Robo 2 zilizovunjika zilimwagwa upya. Mwegamo wa bamba la kati ukaongezwa kutoka mm 3 hadi mm 5. Tukarudia mirunda na kabari, mm 1 kwa mzunguko. Mzunguko wa 3 dari likakaa. Mzunguko wa 5 mirunda haikugusa tena kitu. Kuta zimefunguka mm 0.4, kilele kimeshuka chini ya mm 0.5, na viungo vimejibana kiasi kwamba wembe hauingii. Ukilaza mkono katikati ya bamba na kubonyeza taratibu, dari linazidi kuwa gumu. Wale vijana 5 waliokuwepo walibonyeza wote, mmoja mmoja.

Plywood 42,000, mchanga 4,000.

11 Oktoba. Rangi na madirisha

Rangi imefuata mawe. Ujenzi wa Henry VI ulitumia jiwe la chokaa jeupe kutoka karibu na Tadcaster, Yorkshire. Waliorudi baadaye walitumia jiwe la Weldon, Northamptonshire, lenye rangi ya krimu. Kwa kuwa kazi ilianzia mashariki, jeupe hupanda juu zaidi upande huo na kushuka kadiri unavyokwenda magharibi. Tumepaka hivyo, na mpaka wa rangi mbili umeachwa wazi, wenye ngazi kama ulivyo kwa mawe, haukulainishwa. Msimamizi mmoja alitaka ukuta uwe wa rangi moja ili "upendeze". Tumekataa. Mpaka ule ni kumbukumbu ya vita na ya miaka ambayo hakuna fundi aliyelipwa.

Rangi ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ndiyo iliyofaa kwa jasi. Rangi nzito iliziba viungo na kuvificha, ikabidi kukwangua robo nzima.

Kila dirisha la ubavuni lina nafasi 5 za wima, zimekatwa katikati na mhimili wa mlalo. Picha za juu ni za Agano la Kale, za chini ni za Agano Jipya zinazoendana nazo, na nafasi ya katikati wamesimama wajumbe wenye maandishi. Sisi tumetumia plastiki angavu iliyopakwa rangi za wino bila picha, kwa sababu lengo ni mwanga uingie na kuonyesha jinsi ukuta ulivyo mwembamba. Paa la mwaloni na risasi lililo juu ya dari halisi hatukuliweka. Mgongo wa dari lazima uonekane.

Vuli imeanza. Vinara 2 vya mwisho vimechukua siku 12 kukauka.

25 Oktoba. Hesabu na yaliyobaki

Vifaa vilivyotajwa juu, pamoja na silikoni 35,000, gundi, msasa na skrubu 34,000, rangi 38,000, plastiki ya madirisha 12,000 na usafiri 30,000, vimefika shilingi 455,000. Kati ya hizo, 55,000 ni hasara ya moja kwa moja: udongo, tyubu moja, na mfuko mmoja na nusu wa jasi. Anayeanza leo kwa maelezo haya aanze na maegemeo kabla ya dari. Kielelezo kina zaidi ya kilo 50, kinabebwa na watu 4, na dari huteremshwa kabla ya kukihamisha.

Kuta zinapimwa kila Jumamosi kwa kipimo cha kalipa kati ya misumari miwili iliyowekwa vichwani. Wiki 4 zimepita na zimebaki mm 0.4. Mabamba 3 ya kati bado ni laini bila nakshi. Waridi linachongwa kwanza, kwa sehemu ya 5 na ya 7, na lango la ngome kwa sehemu ya 6. Nakshi itaongeza gramu 90 kwa kila bamba, na kuta zitapimwa tena baada ya kila moja kuwekwa.